Gereji ya bima au fundi wako mwenyewe?

Gari limegongwa ubavuni. Bima inakuelekeza kwenye gereji yake. Wewe una fundi wa bodi unayemwamini. Wizi upo kote, ila haufanani.

Gereji ya bima hupata kazi kwa kubana gharama, kwa hiyo shaka yako iwe kwenye kilichopunguzwa: ankara inasema mlango mpya, kumbe wa zamani umenyooshwa na kujazwa pati, ile rojo nzito ya kuziba mabonyeo kwenye bati. Chukua sumaku ndogo, ifunike kwa kitambaa, ipitishe juu ya bati. Ikilegea ghafla, chini yake kuna pati nene. (Kwa bodi ya alumini usijisumbue, sumaku haishiki kabisa.) Faida ya gereji hii ni kwamba mkaguzi wa bima hupita, na dhamana huwa ya maandishi.

Kwa fundi wako, mchezo huwa kuongeza. Akikwambia, "Ule mchango wako wa bima usilipe, nitaumalizia kwenye hesabu," yaani ile sehemu ya gharama za matengenezo unayotakiwa kulipa mwenyewe, jua bima itaandikiwa uharibifu ambao haukuwepo, na saini kwenye dai ni yako.

Mimi ningekwenda kwa fundi wangu, lakini kwa masharti: picha kabla gari halijafunguliwa, makadirio yanayotaja kila kipuri kama ni kipya au kilichotumika, na vipuri vya zamani nirudishiwe. Kama mifuko ya hewa (airbag) ilifumuka, taa ya mifuko hiyo kwenye dashibodi lazima iwake ukiwasha swichi ya gari, kisha izime. Isipowaka kabisa, usilichukue gari.