TAHADHARI wenye pikipiki: cheni zilizokwisha zinasuguliwa, zinapigwa rangi na kuuzwa kama mpya

Wadau habari zenu, hasa bodaboda wa Dar na nyie mnaoagiza spea mjini zije mkoani kwa basi, someni hii mpaka mwisho maana hapa mtu anaweza kufa. Kuna cheni zinauzwa sa hivi kama mpya, zipo kwenye boksi zuri linang'aa, nyeusi tii, zinateleza oili, kumbe ni cheni zilizotolewa kwenye pikipiki za watu zikiwa zimeshajifia, zikalowekwa kwenye petroli, zikasuguliwa kutu kwa brashi ya waya, zikapuliziwa rangi na kuchovywa kwenye oili, basi. Na bei hawashushi sana, wanapunguza kidogo tu ili usishtuke.

Aliyelizwa ni dogo wa kijiweni kwetu. Kanunua cheni, wakamwambia ufundi ni bure, wakamfungia palepale dukani na ile ya zamani wakabaki nayo. Hata mwezi haukuisha cheni ikaanza kulia kra kra kila akivuta mafuta, anakaza leo kesho imelegea, mpaka adjasta za nyuma, zile skrubu za kukazia cheni, zikafika mwisho. Cheni mpya kulegea kidogo mwanzoni ni kawaida kabisa, ila kumaliza adjasta yote ndani ya muda mfupi hivyo, hapana, hiyo haijawahi kuwa mpya. Siku ya siku anapanda kilima Kimara kabeba mama na mtoto mgongoni, cheni ikakatika ikajikusanya kwenye sproketi ya mbele, ile gia ya meno inayozungusha cheni, ikapasua krankesi, yani ganda la injini, oili yote chini. Walikuwa mwendo mdogo Mungu akasaidia, ingeenda kukamata tairi la nyuma wakiwa kasi na malori yale ya Morogoro Road sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

Ile cheni tuliiweka kwenye gazeti tukaikwangua kwa msumari. Rangi ikatoka vipande, chini yake chuma kina vishimo vya kutu ya siku nyingi. Zile rola zinazokaa kwenye meno ya sproketi zilikuwa na alama ya kung'aa ya kusuguliwa, na bati za ndani zimeliwa upande mmoja. Loki ya kuungia ndo ilikuwa mpya peke yake, na haifanani na cheni nyingine.

Sasa ukienda dukani beba futi, ile ya chuma, ya nguo inavutika. Boxer na TVS nyingi za bodaboda zinatumia cheni ya saizi 428, na kwenye 428 kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 12.7. Maana yake ukiinyoosha ikakaza ukahesabu viungo 20, yani pini ya kwanza mpaka ya 21, lazima usome sentimita 25.4. Ikisoma 25.9 hiyo ni ya kutupa, hata ingekuwa inang'aa vipi. Tulipopima kipande cha dogo kilikaribia 26 kabisa. Cheni inarefuka kwa sababu pini na bushi za ndani zinalika kidogo kidogo kila kiungo, na hapo hakuna rangi wala oili itakayorudisha chuma kilichokwisha, ndo maana futi haidanganywi. Muuzaji akikataa usipime ondoka, usibishane naye.

Halafu ishike kwa mkono uilaze ubavu, mpya inapinda kidogo tu, iliyokwisha inalala kama kamba. Kunja kiungo kimoja kimoja, kikigoma kunyooka ujue ndani kuna kutu. Inuse pia, ikinuka petroli au rangi achana nayo, mpya inatoka kiwandani na mafuta mazito yanayonata.

Kwa ambao mshafungiwa, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zima injini, nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute cheni kuelekea nyuma. Ikiachana na sproketi mpaka unaona nusu ya jino, imekwisha. Angalia na meno yenyewe, yakiwa yamechongoka na kupinda upande mmoja badilisha seti nzima, maana sproketi mbovu inaila cheni mpya haraka sana. Zenye kava zima fungua kava uone, usikisie kwa mlio.

Na kutu zisiwachanganye. Ile ya juu juu ya rangi ya chungwa, pikipiki imenyeshewa au unakaa Kigamboni karibu na bahari au umeosha kwa mashine ya presha ukaiacha na maji, hiyo inatoka kwa mafuta ya taa na kitambaa kisha unapaka oili nzito namba 90 kwa ndani ya cheni, gurudumu unazungusha kwa mkono, injini IMEZIMWA, kuna watu wamekatwa vidole kwa kuacha imewaka kwenye gia. Oili chafu tuiache jamani, ina vumbi la chuma. Ila ukiona unga mwekundu unatoka katikati ya bati pale kwenye pini, hapo ndani kumekauka na kunasagika, na ndo cheni za hivyo wanazoziokota hawa jamaa.

Kwahiyo cheni yako ya zamani usiwaachie, hiyo ndo malighafi yao. Ondoka nayo, au mwambie fundi aikate vipande mbele yako kabla hajafunga mpya. Ile "acha tu hapa tutatupa" ikatae.

Dai risiti ya EFD iandikwe cheni, sio "spea" tu, dogo hakuwa nayo wakamruka kweupe. Mkikutana na hizi msitupe boksi, wekeni boksi, cheni na risiti mpeleke FCC, Tume ya Ushindani, bidhaa bandia ni kazi yao. Sisi boksi la dogo tunalo na tunalipeleka.