Kubadilishana mbegu katika kitalu kimoja cha barabara ya Entebbe

Kitalu hiki kidogo, kilicho kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, huuza miche na mbegu za matunda ambayo ni nadra kuyakuta sokoni Nakasero, na pia hukubali kubadilishana na wateja. Nilipeleka mbegu za stafeli, nikapewa 12 za shokishoki na 6 za mangostini.

Zile za shokishoki zilikuwa zimekwanguliwa nyama yote na kufukiwa katika makumbi ya nazi yenye unyevu, ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) iliyotobolewa matundu, jambo linaloonyesha kwamba aliyezifunga anaijua kazi yake, kwa sababu mbegu za aina hii hufa zikikauka na haziwekeki ghalani kama mahindi. Nilizipanda jioni ile ile, na 9 zikaota. Za mangostini, ambazo nazo hazivumilii ukavu, zilifungwa kwa karatasi kavu, zikawa zimekunjamana kama zabibu kavu, na haikuota hata moja. Nilipolalamika nikashauriwa, kwa upole mwingi, niongeze maji; jibu hilo liliniudhi kuliko hasara yenyewe.

Aidha, mnunuzi haambiwi kwamba mshokishoki uliooteshwa kwa mbegu huenda ukawa dume lisilozaa, na kwamba hilo hujulikana baada ya miaka kadhaa unapochanua. Miche ya kubebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti unaozaa, ambayo haina shaka hiyo, wanayo, ila michache. Nitarudi kubadilishana, lakini safari ijayo nitafungua kila karatasi kabla sijaondoka.