Kumpeleka mama asiyesikia vizuri kuungama: parokia yetu hapa Tabora

Naandika kwa wenzangu wenye wazazi wazee, hasa wale ambao masikio yamechoka. Mama yangu alikuwa ameacha kuungama. Imani anayo, rozari haimtoki mkononi, ila padri akinong'ona yeye hasikii, na akijibu anajibu kwa sauti ya sokoni, benchi zima linapata habari. Parokia tuliyokuwa tukisali zamani aliambiwa mbele za watu, "Punguza sauti, mama." Hakurudi tena kwenye kiti cha maungamo. Akawa anabaki amekaa wenzake wanapokwenda kukomunika, na hilo liliniuma sana.

Tunakosali sasa, maungamo ni Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Tulifika kwa bajaji kutoka Isevya, nikamweleza katekista hali ya mama, naye akaingia sakristia. Padri alitoka mwenyewe, kijana tu, akamfuata mama pale pale kwenye benchi kabla hajainuka. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Baba." Akamshika mkono wakaenda ofisi ya parokia, mlango na madirisha yakafungwa. Mimi nikaelekezwa nikae mbali, chini ya mwembe, na kwaya ilikuwa mazoezini ukumbini. Sikuambulia hata neno.

Wengi hawajui kwamba hili linaruhusiwa. Ibada ya kitubio iliyotolewa upya mwaka 1973 inampa muungamaji nafasi ya kuketi uso kwa uso na padri. Na kama mzee wako ya moyoni anayaweza kwa Kinyamwezi tu, na padri ni mgeni wa lugha hiyo, sheria ya Kanisa inakubali mkalimani, naye anafungwa na siri ile ile. Kwa hiyo asitokee mtu akakwambia mama yako anasumbua.

Walikaa muda mrefu. Mama alitoka anafuta macho kwa pindo la kitenge. Aliniambia padri alimsomea habari ya mwana mpotevu, Luka 15, akimrudia mstari mmoja sikioni mpaka akaushika: "Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma." Miaka yote mama aliamini Mungu amenuna, anangoja mtu amalize kutaja makosa yake yote ndipo ageuke amtazame. Kumbe baba yule alitoka mbio mwana hajafungua hata mdomo. Hapo ndipo nilipomheshimu padri yule. Angeweza kumkemea kwa kukaa muda wote ule bila kuungama, na mama alishakemewa vya kutosha.

Malipizi, yaani yale padri aliyomwagiza afanye baada ya kuungama, mama alinisimulia mwenyewe, maana siri ya maungamo inamfunga padri, haimfungi yeye. Asali Baba Yetu polepole, kisha akamwone wifi yake wa Kanyenye, waliyenuniana kwa ajili ya kiwanja. Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Wifi akatutengea chai na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, kiwanja hakitajwi. Mama ndiye aliyeanza, kwa Kinyamwezi, kwa sauti yake ile ile, na majirani wakasikia wote kwamba anaomba msamaha. Safari hii hakuna aliyemwambia apunguze.

Kasoro zipo. Mabenchi ya kusubiria yako karibu mno na kiti cha maungamo, hata kwa mwenye sauti ya kawaida, yasogezwe nyuma. Saa kumi ni ngumu kwa wenye vibanda sokoni, wangeweka na asubuhi moja katikati ya juma. Ubao wa matangazo nao una ratiba ya zamani, usiufuate.

Hakuna malipo yoyote. Mwone katekista mapema ili ofisi iwe wazi, na kama una mzee usingoje Juma Kuu: foleni inafika nje, mapadri wamechoka, na mazungumzo kama aliyoyapata mama hayawezekani siku hizo. Nendeni Jumamosi za kawaida.