Mchanga wa njiwa niliouziwa hapa Busia: uzoefu wangu

Ukiambiwa umwage mchanga kwenye banda la njiwa, kataa. Ndivyo ninavyosema leo, na hasira bado imenikaa kifuani. Jike wangu wa kijivu, yule mwenye manyoya mpaka vidoleni, tumemzika nyuma ya jiko juzijuzi. Kilichomuua ninakijua, na aliyeniuzia ninamjua.

Nafuga njiwa hapa Busia, upande wa Uganda, tangu wanangu wako shule ya msingi. Si biashara, na sijawahi kumchinja hata mmoja. Sakafu ya banda ni saruji, na miaka yote nilikuwa natandaza maranda ya mbao. Maranda yakilowa yanaota ukungu na kunuka, na msimu wa mvua hapa kwetu kila kitu kinalowa. Mzee mmoja jirani, mfugaji wa siku nyingi, akaniambia: "Mama, jaribu mchanga wa ziwa." Nikamtuma kijana wangu kwa bodaboda mpaka Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, akarudi na magunia mawili.

Mchanga ule nilifurahi nao mno. Ulikuwa na chembe ngumu, nyingine kubwa kama punje ya ulezi, nyeupe na za kahawia. Nilitandaza kina cha kama sentimita 5. Kinyesi kikidondoka kinakauka na kujikunja, asubuhi unapitisha reki, unachekecha kidogo, banda limekuwa safi kabla chai haijachemka. Na njiwa wenyewe walishuka siku ileile wakaanza kudonoa. Njiwa hana meno; mtama anaumeza mzima, unakwenda kusagwa kwenye firigisi kwa vijiwe alivyovimeza. Walikuwa wanachagua chembe moja moja, kama sisi tunavyochagua mawe kwenye mchele, ila wao mawe ndiyo waliyokuwa wanayatafuta. Nilikaa mlangoni nikiwatazama mpaka sufuria ikaungua.

Basi mchanga ulipopungua, badala ya kumtuma kijana tena, nikaenda kwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi hapahapa mjini. Nilimweleza wazi kabisa kwamba ni wa njiwa na nataka wa ziwani. Akajibu, "Huu wa Majanji, mama, juzi tu umeshushwa." Nikalipia magunia sita.

Ulikuwa wa kijivu, laini kama unga. Nilipoumwaga vumbi lilipanda mpaka darini. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, na mpaka leo najilaumu. Nilijiambia utatulia.

Haukutulia. Njiwa mmoja akipiga mabawa mara moja tu banda linajaa wingu. Baada ya siku chache wakaanza kupiga chafya, macho yakawa na maji. Kisha nikaona mtama mzimamzima kwenye kinyesi. Mchanga uliosagika hivyo hausagi kitu kwenye firigisi. Unakuwa tope tu, na chakula kinapita bila kusagwa. Ndege anakula kutwa na huku anakonda.

Jike wa kijivu alikuwa analalia mayai mawili, yalibaki siku tatu au nne yaanguliwe. Mayai ya njiwa huchukua kama siku 18, na wanapokezana: dume mchana, jike usiku. Asubuhi moja nikamkuta amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, hanywi. Jioni akafa mikononi mwangu. Nilimpasua, maana nilitaka kujua. Firigisi ilikuwa imejaa tope la kijivu, zito, kama saruji iliyoanza kukauka. Kesho yake dume akakaa zamu yake kama kawaida. Jua liliposhuka akatoka, akasimama kwenye fito akingoja kupokewa. Hakuna aliyekuja. Mayai yakapoa.

Nilijaza chupa ya maji, nikatia konzi ya mchanga ule, nikatikisa. Mchanga wa ziwa ukiutikisa hivyo unazama mara moja na maji yanang'aa. Huu, mpaka nafika dukani maji bado ni kama ya uji. Nikamwonyesha muuzaji. Hakuinua hata kichwa kwenye simu yake. "Mama, mchanga ni mchanga. Si wanakanyaga tu?" Nikamwambia njiwa wangu amekufa. Akasema, "Si ni nyama? Ungekula."

Mbele ya wateja! Mwanangu wa kumzaa angeweza kuwa yeye. Nilishindwa hata kujibu. Na nilipokuwa naondoka, utingo wa lori lake akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ule haukutoka ziwani. Ulitoka upande wa Tiira."

Mtu wa Busia akisikia Tiira anajua. Kule wanachimba dhahabu. Mawe wanayasaga mpaka yanakuwa unga, wanaosha, na dhahabu wanaikamata kwa zebaki, ambayo ni sumu. Siwezi kuapa kwamba unga niliouziwa ulikuwa na zebaki, sijaupima. Lakini wajukuu wangu walikuwa wameuchezea gunia zima, wamejenga nyumba na barabara, wamejipaka mpaka nywele. Niliwaosha usiku ule mara tatu na mikono yangu inatetemeka. Njiwa nimelia nikanyamaza. Hili la watoto silisamehi.

Wengine wataniambia kosa ni langu, kwamba kuna mchanga wa sakafu na kuna mchanga wa kulisha, ningeuweka wa kulisha kwenye kibakuli, mwingine uwe wa kukanyaga. Hapana. Nimewatazama miaka yote hii: njiwa anameza anachokikanyaga. Umwekee kibakuli cha dhahabu, bado atashuka chini adonoe. Kwa hiyo mtu akikuuzia mchanga wa "kukanyaga tu" amekuuzia chakula, na ajue hivyo.

Nikisoma nilivyoanza hapo juu naona nimeuonea mchanga. Ule wa kwanza ulikuwa mzuri na nausifu tena: ni wa maji baridi, hauna chumvi kama wa baharini, na chembe zake zinafanya kazi firigisini. Hata hivyo hautoshi peke yake. Mawe hayo hayayeyuki, kwa hiyo hayampi jike chokaa ya ganda la yai. Nilipokuwa nategemea mchanga tu nilipata mayai mawili yenye ganda laini, yanabonyea. Sasa naweka pembeni makombe ya ziwani yaliyosagwa, yale wanayochanganya kwenye chakula cha kuku, na mayai yamekaza. Na mchanga ukilowa, utoe. Usingoje ukauke humohumo, magonjwa ya kuhara yanapenda unyevu.

Kijana wangu amekwenda tena Majanji mwenyewe. Tumeuosha mara tatu kwenye beseni, tumeuanika juu ya turubai siku mbili, tumechekecha vumbi lote. Chafya zimekwisha. Dume bado hajachukua jike mwingine.

Magunia manne ya kijivu yako chini ya mwembe, nimeyafunga kwa kamba ili watoto wasiyafungue. Sitaki hela yangu. Nataka yule muuzaji aje na lori lake, ayabebe mwenyewe mgongoni, na aniambie usoni yalitoka wapi.