"Lebo ya nini, kwani unanunua shati?": uzoefu wangu na mifuko ya jumbo

Hilo ndilo jibu nililopewa na muuzaji, neno kwa neno. Nilikuwa nimemuuliza swali ambalo kila anayenunua jumbo, yaani mfuko mkubwa wa kuning'iniza tani moja hewani, lazima aulize: lebo iko wapi? Akacheka, akawatazama vijana wake, nao wakacheka, kisha akasema, "Lebo ya nini bosi, kwani unanunua shati?" Na mimi kwa ujinga wangu nikalipia mifuko 60.

Duka silitaji. Liko Dar, na anayelijua atalijua kwa hicho kicheko.

Kilichotokea ni kifupi. Mfuko wa chumvi ya mawe ulinyanyuliwa na foklifti, ukafika usawa wa kifua, mkanda mmoja kati ya minne ya kunyanyulia ukakatika. Mfuko ukalala upande, mkanda wa pili ukafuata, chumvi yote chini. Hakuna aliyeumia, kwa sababu dereva wetu ana sheria yake na haibembelezwi: mzigo ukiwa juu, hakuna kupita chini yake, na hakuna kuushika kwa mkono eti usiyumbe. Kumbukeni hilo kabla hamjasoma mengine.

Nilipompigia muuzaji akasema meno ya foklifti yetu ndiyo yamekata mkanda. Sasa sikilizeni. Ule mkanda ninao hapa mezani. Mkanda uliokatwa na ukingo wa chuma una mdomo ulionyooka, nyuzi zimeishia pamoja kama zimepitiwa na wembe. Mkanda ulioachia kwenye mshono unabaki mzima; kinachofumuka ni uzi wa kushonea, na matundu ya sindano kwenye kitambaa yanakuwa yametanuka. Wa kwangu si hivi wala vile. Umekatika pale juu unapopinda, kila uzi umeishia mahali pake, na ukizisugua kwa kidole gumba zinatoa unga mweupe. Unga! Polipropilini, plastiki inayofumwa mifuko hii, ikiwa nzima ukiikwaruza kwa ukucha, ukucha unateleza. Hii inapukutika kama makuti ya zamani.

Hilo ni jua. Si foklifti, si chumvi. Chumvi haili polipropilini, jua linaila. Kiwandani huchanganya dawa ya kukinga jua kwenye plastiki kabla ya kuifuma, lakini hata yenye dawa haikutengenezwa ikae uani msimu hadi msimu, na isiyo na dawa ndiyo usiseme. Mkanda wenyewe una mstari wa buluu uliofumwa katikati. Upande uliokuwa umekunjwa kwa ndani bado ni buluu ya kalamu. Upande wa nje umekuwa rangi ya majivu. Maana yake marobota yalikaa nje bila turubai, mifuko ya juu ikipigwa jua na ya katikati ikiwa kivulini. Tulipoifungua yote baada ya ajali, iliyopauka hivyo ilikuwa 22. Mingine ilikuwa mizuri kabisa, ndiyo maana ule mmoja alionionyesha dukani ulikuwa mzuri kabisa.

Kwa hiyo ukienda kununua, usikubali mfuko wa kuonyeshwa. Fungua robota mwenyewe, chomoa wa juu na wa katikati, linganisha rangi ya mistari ya mikanda, kisha kunja mkanda wa juu na usugue. Ukiona unga, ondoka, na bei usiiulize.

Haya, tuwe wa haki. Na sisi tulikosea mawili.

La kwanza ni ujazo. Mfuko wa sentimita 90 kwa 90 kwa kimo 110 una karibu mita 0.9 za ujazo. Ukiujaza urea hadi juu, haufiki hata kilo 700, kwa sababu urea ni nyepesi, kama kilo 750 kwa mita moja ya ujazo. Chumvi ya mawe ni 1,100 hadi 1,200. Mfuko uleule, kimo kilekile, unakaribia tani au unaivuka. Wetu mizani ilisoma 1,060, na ulinunuliwa kama wa 1,000. Hii lugha ya "mfuko wa tani" haina maana mpaka useme tani ya nini. Mwenye chumvi au saruji anunue mfuko mfupi zaidi, na mwenye urea au mahindi anunue mrefu. Anayenunua mmoja wa kazi zote ajue atajaza kupita kiasi siku moja, maana kijana wa kujaza hasomi mizani, anatazama mdomo wa mfuko.

La pili ni mikanda. Meno ya foklifti yalikuwa yamebanana, mkanda wa nne haukuingia vizuri, dereva akanyanyua na mitatu. Mikanda minne inatakiwa isimame wima, meno yatanuliwe yalingane na upana wa mfuko, na kingo zake zivalishwe bomba au mpira. Mikanda ikivutwa kwa ndani, mshono unabeba mzigo usio wake.

Hapo nilitaka kuandika kwamba lawama ni nusu kwa nusu, nyota tatu, yaishe. Nikapiga hesabu, na hasira ikarudi upya.

Mfuko wa safari moja unatengenezwa kwa uwiano wa 5 kwa 1: ukiwa mpya, ukipimwa kiwandani, wa kilo 1,000 lazima uhimili 5,000. Gawa kwa mikanda minne, kila mmoja 1,250. Sasa chukua kosa letu lote, lifanye baya kuliko lilivyokuwa: mkanda mmoja haufanyi kazi, mzigo umeegemea miwili inayotazamana, kilo 1,060 kwa miwili ni 530 kila mmoja. Hata nusu ya 1,250 haijafika. Ongezea mtikisiko wa kunyanyua kwa pupa, bado. Ile akiba ya mara tano imewekwa kwa ajili ya makosa ya binadamu kama yetu. Ilikuwa imeliwa na jua kabla sijatoa pesa mfukoni. Halafu mtu ananiambia foklifti!

Na sijui kama akiba yenyewe iliwahi kuwapo, kwa sababu lebo haipo. Lebo ya jumbo ni kipande kilichoshonewa ubavuni, kinachoandika uzito salama wa kubeba, uwiano ni 5 kwa 1 au 6 kwa 1, kiwango kilichotumika kuupima, nani ametengeneza na lini. Uwiano wa 5 ni jaza, safirisha, mwaga, basi. Wa 6 ndio unaoruhusiwa kurudiwa, tena baada ya kukaguliwa. Mfuko usio na lebo unaweza kuwa wa 5 uliokwisha kutumika, ukaoshwa na kupangwa upya robotani. Utajuaje? Chungulia mishono ya chini ndani: vumbi la mzigo wa zamani hubaki kwenye pindo hata baada ya kuoshwa. Yangu ilikuwa safi. Nakubali, ilikuwa mipya. Mipya iliyochomwa jua.

Jambo moja lilinifurahisha, nalo nalisema. Nailoni ya ndani ilikuwa nene na imeshikizwa kwenye pembe za chini, haikuchomoka wakati wa kumwaga. Chumvi huanza kunywa unyevu hewa ikipita asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani hupita hapo bila kujitahidi. Tulikamua hewa, tukasokota shingo ya nailoni, tukaikunja na kuifunga mara mbili, na masika yote chumvi ikabaki kavu. Mfuko mmoja tu ulilowa, na huo ulitobolewa na msumari wa paleti. Pigilieni misumari ya paleti au tandikeni boksi juu yake. Mdomo wa chini nao ulifunguka vizuri bila kurarua kitu. Kwa mzigo usionyanyuliwa, ningesema nunueni.

Lakini.

Siku nilipomrudia na mkanda mkononi, alikuwa na mteja mwingine, mtu wa kusini anayetafuta mifuko ya kuhifadhia salfa ya mikorosho. Nikasikia kwa masikio yangu: "Hii hii inafaa, ni plastiki tu." Salfa! Vumbi la salfa linashika moto kwa cheche ndogo, na unga ukiteleza kwenye kitambaa cha kawaida wakati wa kumwaga unatengeneza umeme wa msuguano, cheche ikajizalia yenyewe. Kwa mzigo kama huo kuna aina C, yenye nyuzi za kupitisha umeme, na lazima ifungwe waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, kabla ya kujaza na kabla ya kumwaga. Ukisahau waya, ni hatari kuliko mfuko wa kawaida. Kuna pia aina D, ambayo haihitaji waya. Zote mbili hutambulika kwa nini? Kwa lebo. Ile ya shati.

Yule mteja nilimvuta pembeni nikamweleza, akaondoka bila kununua. Muuzaji akaniambia namharibia biashara. Mkanda hakuutazama, hakuugusa hata. Pesa ya mifuko 22 hajarudisha.

Kwa hiyo zile nyota tatu nazifuta, na ya nailoni pia naifuta. Mifuko iliyopauka tumeikata mikanda yote minne kwa kisu, asije kijana wa zamu nyingine akaichomeka kwenye foklifti, na tunaijaza maranda ya mbao, inakaa pale pale chini. Muuzaji nikimpigia anapokea vizuri, "karibu bosi." Akishaijua sauti anasema yuko kwenye kikao.