Kijitabu cha maneno ya Kiingereza cha buku mbili

Nimekichukua Makoroboi hapa Mwanza, kinaingia mfukoni kabisa na mi nauza dagaa Mwaloni Kirumba kwahiyo nakisoma wateja wakipungua. Nilichokipenda sana ni yale maneno ambayo sisi tunalo moja wao wanayo mawili, mfano kuazima, ukichukua wewe ni borrow ukimpa mtu ni lend, vidole vya mkono fingers vya mguu toes, miaka yote nilikua nachanganya yani! Ila matamshi hawajaweka kabisa, knife nimeitamka na k yake wiki nzima mpaka binti yangu wa fomu two akaniambia mama hiyo k haisomwi. Hapo wamekosea kwakweli. Anayeanza achukue tu, ila awe na mtu wa kumsomea kwa sauti.