Uzoefu wangu: bodi ya grblHAL na sensa mbili kwenye gantri ya CNC, Ndeeba

Nimeitumia bodi hii ya kuendesha mashine ya CNC, yaani ya kukata mbao kwa amri za kompyuta, muda wa kutosha sasa kutoa hukumu bila kuionea. Karakana yetu iko Ndeeba, Kampala, jirani na wauza mbao, na kazi yetu kubwa ni makabati ya jikoni na milango ya MDF. Paneli za mvule huja mara mojamoja, zikiagizwa na wenye pesa. Mashine ni ya Kichina, eneo la kukatia ni milimita 1200 kwa 1200. Gantri, yaani daraja la aluminiamu linalobeba kifaa cha kukatia, inatembea juu ya reli mbili za HGR20, na kila upande una skrubu yake ya gololi ya SFU1605 na mota yake ya stepa (inayozunguka kwa hatua ndogondogo) ya NEMA 23. Kwa hiyo mhimili wa Y, yaani mwendo wa gantri mbele na nyuma, una mota mbili, na hapo ndipo penye hadithi yote.

Mashine ilikuja na swichi moja tu ya Y, upande wa kushoto. Ukibonyeza kurudi nyumbani, yaani mashine ikatafute sifuri yake, mguu wa kushoto wa gantri unagusa swichi, mota zote mbili zinasimama pamoja. Mguu wa kulia unasimama popote ulipo. Ukiwa umebaki nyuma milimita mbili, utabaki nyuma milimita mbili siku zote, na kompyuta itakuandikia kwa ujasiri kwamba mashine iko sifuri. Haina namna ya kujua. Anayejua ni kijana anayefunga bawaba: "Mzee, huu mlango umeenda upande." Mlango wa 600 kwa 800 uliopinda milimita moja na kidogo hauonekani ukiwa umelala mezani. Ufunge kando ya mwenzake kwenye kabati, na ile nafasi katikati yao inakuwa nyembamba juu, pana chini. Mwenye nyumba ataiona kabla hajaona rangi.

Kwa Kampala ubaya unazidi kwa sababu ya umeme. Ukikatika katikati ya kazi, mota za stepa zinalegea papo hapo huku gantri ikiwa bado na mwendo. Upande uliobeba spindo (mota inayozungusha biti ya kukatia) ni mzito, ule mwingine mwepesi, na skrubu ya gololi haijifungi yenyewe kama skrubu ya jeki. Kila upande unasimama kivyake. Umeme ukirudi, kila mota inajivuta kwenye hatua iliyo karibu nayo. Kwa mota ya hatua 200 na skrubu ya milimita 5, hatua moja kamili ni milimita 0.025, na mota inaweza kudakia hadi hatua mbili mbele au nyuma, yaani 0.05. Tofauti ndogo, ila baada ya kukatika na kurudi mara kadhaa bila chochote cha kuinyoosha gantri, hujui tena iko wapi.

Nilichonunua ni bodi ndogo yenye kichakata cha Teensy 4.1 inayoendesha grblHAL, programu huria ya kuendesha mashine za CNC, ya ukoo wa Grbl, pamoja na sensa mbili za LJ12A3 zinazoona chuma bila kukigusa. Sensa zote mbili kwa pamoja hazifiki bei ya shiti moja ya MDF ya milimita 18. Bodi ndiyo iliyouma mfuko, ukijumlisha usafiri wa ndege mpaka Entebbe na kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

Kabla hujanunua chochote, fungua kabati la umeme la mashine yako uangalie jambo moja: je, kila mota ya Y ina draiva yake (kifaa kinachoisukuma mota hatua kwa hatua), na kila draiva inapata ishara yake ya hatua kutoka kwenye bodi? Mashine nyingi za bei yetu zina draiva mbili, lakini waya wa ishara umetoka tundu moja ukagawanywa. Hapo hata ukifunga sensa kumi hazitasaidia, kwa sababu bodi haiwezi kusimamisha mguu mmoja na kuuacha mwingine uendelee. Hili muuzaji hatakwambia. Mmoja niliyemuuliza alinijibu kwamba mashine yake "inajinyoosha yenyewe", na kwenye picha aliyonitumia waya uliogawanywa unaonekana wazi.

Kwa grblHAL, mota ya pili ya Y inapata tundu lake na sensa yake, na programu inaandaliwa ikiwa na chaguo la kujinyoosha kwa mhimili huo. Mwendo wake ni huu: Z (mhimili wa juu na chini) inapanda kwanza, biti isije ikaburuta kitu mezani. Kisha miguu miwili ya gantri inakwenda pamoja kuelekea nyumbani. Wa kwanza kuona sensa yake unasimama, wa pili unaendelea peke yake mpaka uone yake. Yote miwili inarudi nyuma kidogo, kisha inakaribia tena polepole. Mwendo wa mwanzo uliowekwa tangu zamani kwenye Grbl ni milimita 500 kwa dakika wa kutafuta na 25 wa kupima. Ule wa 25 usiuongeze kwa haraka zako. Ndiyo unaoamua usahihi.

Kuna kinga ninayoipenda sana. Mguu mmoja ukiona sensa na mwingine usione, mashine haiendelei kuvuta mpaka ivunje kitu. Inahesabu asilimia 5 ya urefu wa mhimili, isiyopungua milimita 2.5 wala kuzidi 25, kisha inasimama na kutoa kosa. Kwa mhimili wangu asilimia 5 ni milimita 60, kwa hiyo inakomea 25. Bado ni nyingi kwa gantri ngumu. Nimeshusha hadi 6, na nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Kuhusu sensa zenyewe nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza pesa. Swichi za kubonyeza zenye kidole cha chuma ni sahihi kabisa zikiwa mpya, lakini vumbi la MDF ni laini kama unga wa muhogo na linaingia kila mahali. Sensa ya LJ12A3 haioni mbao wala vumbi lake, inaona chuma tu. Zipo za herufi za mwisho BX na za AX. BX hukaa wazi mpaka ione chuma. Waya ukikatika inabaki kimya na gantri inaupita mwisho wa safari. AX hukaa imefunga, kwa hiyo waya ukikatika bodi inaona kama imeguswa na inakataa kuanza. Chukua AX. Zote mbili ni NPN (ishara yake huunganishwa na upande hasi wa umeme) na zinataka volti 6 hadi 36. Ukizilisha 5 kutoka kwenye bodi zitawaka taa na kukudanganya kwamba zinafanya kazi, huku umbali wa kuona ukipungua. Mimi nazilisha 24.

Chuma cha kuonwa kisiwe aluminiamu ya gantri, kwa sababu sensa hizi zinaiona kwa karibu zaidi kuliko zinavyoona chuma cha kawaida. Tumefunga boliti ya M8 kila upande, kichwa chake cha milimita 13 kikitazama sensa, na nati ya kufungia nyuma yake. Boliti hiyo ina faida nyingine: uzi wa M8 unasogea milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja, robo mzunguko ni kama 0.3. Unaweza kunyoosha gantri kwa spana kabla hujagusa kompyuta.

Kelele ya umeme kutoka kwenye invata ya spindo (kifaa kinachoongoza kasi yake) nayo ilitusumbua. Spindo ya kilowati 2.2 ikiwashwa, sensa ya kulia ilikuwa inajifyatua. Kebo yenye wavu wa kinga, wavu ukifungwa kwenye ardhi upande wa kabati peke yake, pamoja na kuitenga mbali na kebo ya spindo, kulimaliza tatizo.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa bodi hizi hawalisemi, na ndilo nililotaka hasa kuliandika: sensa mbili hazinyooshi gantri iliyojengwa upande. Zinairudisha palepale kila mara, basi. Kama fremu yenyewe inataka kukaa kwenye pembe moja na sensa zinailazimisha pembe nyingine, mota mbili zitashindana na fremu siku nzima. Zitapata joto, troli za reli zitalika, na ukizima umeme gantri itaruka kama mtego. Mashine yangu iliruka hivyo mwanzoni, mlio ukasikika mpaka nje.

Kwa hiyo anza bila umeme. Legeza kaplingi (viungio vya mota na skrubu) za mota zote mbili za Y, sukuma gantri kwa mkono huku na huku, iache itulie inapotaka yenyewe. Hapo ndipo pembe yake ya asili. Ipime kwa guni kubwa dhidi ya reli. Ikiwa imepinda, legeza boliti zinazounganisha boriti ya gantri na miguu yake, inyooshe, kaza. Kazi hii ilitula siku nzima, na ndiyo iliyoleta faida kubwa kuliko bodi yenyewe. Nasema hivyo nikijua kwamba bodi ndiyo niliyoilipia.

Baada ya hapo ndipo unapima kwa kutoboa. Weka shiti mezani, mwambie mashine itoboe matundu manne ya milimita 6 kwenye mstatili wa 600 upande wa X (kushoto na kulia) na 800 upande wa Y. Ulalo unatakiwa kuwa 1000, lakini usihangaike na hiyo 1000. Unachotaka ni tofauti kati ya ulalo mmoja na mwingine tu, na hata kama mashine yako inakosea urefu kidogo kwenye X au Y, mstatili utabaki mstatili na ulalo wake utalingana. Futi kamba haitoshi. Chomeka vipini vya keekee za milimita 6 kwenye matundu, chukua ufito ulionyooka, ubane mwisho mmoja kwenye kipini, weka alama ya kalamu kali kwenye kingine, kisha peleka ufito huohuo kwenye ulalo wa pili. Umbali kati ya alama mbili unaupima kwa kalipa.

Hesabu yake: zidisha tofauti hiyo kwa ulalo, gawa kwa mara mbili ya urefu wa Y. Kwa mstatili wangu ni tofauti mara 1000, gawa kwa 1600. Tofauti ya milimita 2 inakupa 1.25, huo ndio mpindo katika upana wa 600. Lakini skrubu zangu ziko umbali wa 1400, kwa hiyo zidisha kwa 1400 gawa kwa 600: mguu mmoja usogee karibu 2.9. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho, wanasogeza 1.25 na kushangaa mlango bado umepinda.

Kiasi kikubwa tulikiondoa kwa boliti. Ilipobaki tofauti ya 0.4 kwenye ulalo, ambayo kwa hesabu hiyohiyo ni kama 0.58 kwenye skrubu, niliiandika kwenye mpangilio wa $171, ambao kwenye grblHAL ni masahihisho ya Y yenye mota mbili ($170 ni ya X). Inakubali namba chanya na hasi. Toboa upya, ikiwa imezidi, geuza alama.

Matokeo? Nikiweka geji ya saa kwenye mguu wa kulia na kuirudisha mashine nyumbani mara nyingi mfululizo, sindano inabaki ndani ya 0.05. Kwa mbao hiyo ni zaidi ya tunavyohitaji. Na faida ambayo sikuifikiria wakati wa kununua ni kwamba sifuri ya kazi, yaani mahali ulipoanza kuhesabia kazi yako (huitwa G54), inahifadhiwa kwenye bodi ikihesabiwa kutoka nyumbani. Umeme ukikatika katikati ya paneli ya mvule, tunarudisha mashine nyumbani, tunaanza mistari michache nyuma ya ilipokatika, na biti inaingia kwenye mtaro uleule. Zamani paneli hiyo ilikuwa kuni.

Malalamiko ninayo. Maelezo yaliyokuja na bodi ni karatasi moja, na michoro yake haionyeshi kabisa jinsi ya kufunga sensa ya mota ya pili. Kijana wangu, mtu wa Arua, alilazimika kufuatilia njia za shaba kwa mita ya umeme kama mpelelezi. Muuzaji wa sensa naye alituma BX badala ya AX niliyoagiza, na kurudisha mzigo kutoka Uganda ni gharama kuliko mzigo. Pia usitarajie kitu hiki kikurekebishie spindo iliyoinama. Huo ni mpangilio mwingine kabisa, wa kwenye bamba la Z.

Kama mashine yako ina skrubu moja katikati chini ya meza, usinunue, haikuhusu. Kama ni ndogo, ya 300 kwa 400 hivi, gantri fupi na ngumu, kizuizi cha chuma kila upande na kuisukuma gantri ikigusa vyote viwili kabla ya kuwasha kinatosha. Kuanzia mita moja kwenda juu, hasa zile za 1300 kwa 2500 zenye meno ya reki, ningeweka pesa hapa kabla ya kufikiria spindo kubwa zaidi. Jirani yangu mwenye mashine ya ukubwa huo ameshaagiza bodi kama yangu, na nimemwambia aombe AX kwa maandishi.